Mpira mweupe usiorudi: uchambuzi wa kisa cha meza mbili za pool Tabora

Katika baa moja ya Tabora mjini, si mbali na stesheni ya reli, kuna meza mbili za pool za kuweka sarafu. Si za mwenye baa. Ni za tajiri mmoja anayezisambaza kwenye baa kadhaa. Kila wiki anakuja na funguo zake, anafungua kasha la sarafu mbele ya mama mwenye baa, wanahesabu pamoja, wanagawana nusu kwa nusu. Mpango huo ulikwenda vizuri hadi kasha la meza ya kwanza lilipoanza kuwa jepesi, ilhali vijana wanajaa kuizunguka mpaka usiku. Tajiri akashuku kuna ufunguo wa pili. Mama akasema hana ufunguo wowote, meza ndiyo mbovu na wateja wanalalamika kila siku. Tajiri akaanza kukata sehemu ya mgao wa mama "mpaka ukweli ujulikane". Hapo ndipo nikaitwa, kwa sababu natengeneza meza hizi na sina hisa kwa yeyote kati yao.

Kila aliyekuwa ameitazama ile meza kabla yangu alikuwa ametazama kufuli. Hakuna aliyepima mipira.

Kitu cha kwanza kilichonivuta macho ni gilasi za plastiki. Mashimo yote sita yalikuwa yamezibwa nazo, ili mpira ukiingia ubaki juu, uchukuliwe kwa mkono, mchezo uendelee bila sarafu nyingine. Ujanja huo ni wa zamani na kila mwenye meza anaujua. Kwa kawaida mhudumu akiona anafoka na gilasi zinatolewa. Hapa mhudumu mwenyewe ndiye aliyekuwa akizigawa! Nilipomuuliza, jibu lake lilikuwa la haki tupu: "Mweupe ukiingia haurudi. Mtu kalipa, kakosea mara moja, mweupe umemezwa na mchezo umekufa. Halafu anataka hela yake nimrudishie mimi."

Basi kasha halikuwa linaibiwa. Lilikuwa linarukwa, na sababu ya kurukwa ilikuwa mpira mmoja.

Meza ya sarafu inabidi ijue kutofautisha mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo ili ugonge mingine, na ile mingine kumi na mitano. Mipira ya rangi ikishaingia hufungiwa tumboni mpaka sarafu nyingine itumbukizwe, lakini mweupe lazima urudi mbele bila malipo. Wanaounda meza wanatumia njia tatu. Ya kwanza ni kuufanya mweupe uwe mdogo kuliko mingine, ndiyo njia ya meza za Kiingereza: mipira ya rangi ina kipenyo cha milimita 51 hivi, mweupe una 47.6. Ya pili ni kuufanya uwe mkubwa zaidi, milimita 60 na kidogo dhidi ya 57.2 ya mingine. Ya tatu ni kuweka chuma ndani ya mweupe na sumaku kwenye njia. Meza zote mbili za Tabora zilikuwa za njia ya kwanza. Nilipofungua ubavu niliuona mfereji ambao mipira inateremkia, na katikati yake upenyo: kilicho chembamba kinadondoka na kuelekea mbele, kilicho kinene kinapita juu na kwenda kufungiwa.

Mweupe waliokuwa wakiutumia nilipoupima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, ulitoa milimita 50.7. Kwa meza ile, huo si mweupe hata kidogo. Ni mpira wa kumi na sita wa rangi uliokosa rangi. Ule wa asili uliondoka na mteja usiku mmoja, mhudumu akatumwa sokoni, muuzaji akamwuliza anataka wa rangi gani. Hakuulizwa kipimo na wala hakujua kwamba kuna kipimo cha kuulizia.

Namba 11 ilikuwa na kasoro iliyo kinyume na hiyo. Ilikuwa na milimita 47.9, bila shaka imetoka kwenye seti ya meza ndogo zaidi, kwa hiyo kila ilipoingia ilirudi mbele kana kwamba ndiyo mweupe. Vijana walishaipa jina: Yona, kwa sababu ya kumezwa na kutapikwa. Haikuwa na hasara kubwa ya fedha, ila ilikuwa ushahidi kwamba seti hii imekusanywa kwa miaka, mpira mmoja mmoja, kila uliopotea ukizibwa na wowote uliopatikana.

Tungeweza kuishia hapo. Mweupe mmoja wa milimita 47.6 haugharimu kitu kikubwa, gilasi zingeondoka na sarafu zingerudi. Tajiri alitaka hivyo hasa. Lakini mama alikuwa na lalamiko la pili, na hilo ndilo lililonifanya niombe mizani ya sonara iliyo mtaa wa pili. Alisema wachezaji wake wazuri, wale wanaowekeana dau la soda na kukaa mpaka usiku, wamehamia baa nyingine hata kabla mweupe haujaanza kumezwa. Wanasema meza yake "haina mchezo". Tajiri alikwisha kubadilisha kitambaa kwa ajili yao na hawakurudi.

Mizani ilieleza kwa nini. Mpira wa milimita 50.8 uliotengenezwa vizuri kwa plastiki ya fenoli unakuwa na gramu 117 hivi. Kwenye meza ya kwanza, ukiiacha namba 11 kando, mwepesi ulikuwa na gramu 108 na mzito 119. Gramu kumi na moja za tofauti ndani ya seti moja! Sheria za snuka, mchezo ndugu wa pool, zinataka mipira ya seti moja isipishane zaidi ya gramu 3. Kwa pool ya mipira mikubwa, chama cha dunia, WPA, kinataka uzito wa kati ya gramu 156 na 170 na kipenyo cha milimita 57.15, kupungua au kuzidi kwake kusipite sehemu ya nane ya milimita. Mipira ya baa haihitaji kufika huko, lakini gramu kumi na moja mchezaji anazihisi mkononi hata kama hajui anachokihisi. Mweupe wa gramu 118 ukigonga sawasawa katikati mpira wa gramu 117, unasimama papo hapo. Ukigonga wa gramu 108 kwa pigo lile lile, unaendelea kusonga mbele kidogo. Aliyejizoeza kuupanga mweupe kwa ajili ya pigo linalofuata anaona umepitiliza, anajilaumu, anarudia, unapitiliza tena au haupitilizi, kutegemea kagonga namba ngapi. Hiyo ndiyo maana ya meza kukosa mchezo.

Kuvunja, yaani pigo la kwanza la kutawanya mipira, nako kulikuwa kumekufa. Mipira kumi na mitano ya vipenyo tofauti haikai ikabanana kwenye pembetatu. Panabaki nafasi nyembamba ambazo macho hayazioni, na nguvu ya pigo inaishia humo. Pigo zito linatawanya mipira minne mitano, iliyobaki inakaa kama ilivyopangwa. Kuliona hili hakuhitaji kalipa. Pangeni mipira, chukueni tochi ya simu, mulikeni kwa upande mmoja na mtazame upande wa pili kama mwanga unapenya pale ambapo mipira ingetakiwa kugusana. Kwenye meza ya kwanza ulipenya sehemu nyingi.

Nikisema "mipira bora", basi, nataka kwanza ulingano: iwe sawa kwa ukubwa, kwa uzito, na iwe duara kweli. Mng'ao unakuja baadaye sana. Wauzaji wengi wanaanza na mng'ao, na si ajabu, maana kila mpira mpya unang'aa. Uliotengenezwa hovyo unang'aa kwa miezi kadhaa, halafu unaanza kukwaruzika, kubanduka vipande vidogo na kupoteza uduara.

Kinacholeta tofauti hapo ni plastiki yenyewe. Mipira mingi ya bei nafuu ni ya poliesta. Mipira ghali ni ya fenoli, ndugu wa ile bakelaiti ambayo Leo Baekeland aliivumbua mwaka 1907 na ambayo hadi leo tunaiona kwenye vishikio vyeusi vya sufuria. Fenoli ni ngumu na inavumilia joto, na joto ni jambo la kweli kwenye meza. Mweupe ukipigwa kwa nguvu unateleza juu ya kitambaa kabla haujaanza kubingirika, na pale unapokwaruza nyuzi zinaungua. Ndiyo asili ya zile alama nyeupe zinazoanzia mahali pa kuvunjia. Mtengenezaji mkubwa kuliko wote, kampuni ya Saluc ya Ubelgiji yenye chapa ya Aramith, anasema joto hapo laweza kufika nyuzi 250 na kwamba mipira yake inadumu mara tano ya ile ya kawaida. Ni maneno ya mwenye mali, yachukuliwe hivyo. Ila kwa meza nilizozifungua mimi, ya fenoli imekuwa ikitumika miaka mingi mahali ambapo ya poliesta haikumaliza hata miwili bila kuharibika, na vitambaa vyake vilichelewa kuchakaa.

Jambo moja linawapoteza watu: fenoli nyeupe hubadilika na kuwa ya manjano kadiri miaka inavyokwenda. Mtu anaona seti ya mtumba iliyofifia hivyo, anaikataa na kununua mpya nyeupe pee ambayo ni duni. Manjano si ugonjwa. Mikwaruzo, mapengo na uzito usiolingana ndivyo vya kukataa.

Na Tabora, katika miji yote, ina haki ya kusikia kwamba tatizo la seti isiyolingana ni la kale. Kabla ya plastiki, mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilisifiwa kwa ulaini wake. Misafara ilizipitisha hapa hapa Unyanyembe, zikabebwa mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda Unguja na kutoka huko kwenda Ulaya na Marekani. Pembe moja ilitoa mipira michache tu, na mchongaji alilazimika kufuata mshipa wa katikati ili mpira usielemee upande. Hata hivyo ilivimba na kusinyaa kwa unyevu wa hewa. Mwaka 1863 kampuni ya Phelan na Collender ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt wa Albany akaja na seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, miaka michache baadaye. Huyo hakuitibu shida yote, lakini barabara ya kuelekea fenoli ilianzia hapo. Ndovu waliangushwa ili watu wa London wapate mipira inayolingana, na leo mjukuu wa mpagazi anacheza kwa mipira isiyolingana kwenye njia ile ile. Nilimwambia tajiri hivyo, hakucheka.

Mezani palikuwa na mapendekezo manne.

La tajiri nimeshalitaja: nunua mweupe tu, kisha mengine yaachwe. Lingerudisha sarafu bila kurudisha wachezaji.

Mhudumu alipendekeza seti mpya ya bei ya chini kutoka Kariakoo, iletwe kwa basi. Sikuidharau. Seti mpya ya poliesta iliyotoka kiwandani pamoja inalingana kuliko mkusanyiko wa mayatima uliokuwepo. Shida yake ni kwamba baada ya muda si mrefu tungerudi tena sokoni, na kwa vumbi la kiangazi la Tabora muda huo unafupika zaidi. Vumbi linalokaa kwenye kitambaa linaisugua mipira kila inapobingirika.

La mama ndilo lililokuwa la kuvutia na la hatari. Mpwa wake aliyeko Muscat alikuwa amemtumia zawadi: seti ya fenoli ya Ubelgiji, mpya, ndani ya boksi lake, ya milimita 57.2. Mama aliiweka chumbani kwa heshima na akataka itumike. Niliipima: mipira yote kumi na mitano ilikuwa ndani ya gramu mbili. Sijashika seti nzuri kama ile kwa muda mrefu. Na bado nilimwambia, "Mama, hii haiingii kwenye meza hizi." Hakufurahi.

Tuliijaribu aone mwenyewe. Mashimoni ilipita, lakini mfereji wa ndani umeundwa kwa mipira ya milimita 51, kwa hiyo wa tatu tu kuingia ulikwama. La pili lilionekana juu ya meza. Ncha ya kingo, ule ukuta wa pembeni unaourudisha mpira, inatakiwa igonge mpira kwenye kimo cha asilimia 63.5 ya kipenyo chake, ndivyo kanuni za WPA zinavyosema, na zinaruhusu asilimia moja juu au chini. Kingo za meza hii ziko kama milimita 32 kutoka kitambaani, kimo kinachofaa mpira wa milimita 50.8. Mpira wa 57.2 unahitaji zaidi ya milimita 36. Ukiuleta kwenye kingo fupi, unagongwa karibu na tumbo badala ya juu yake, na kwa pigo la nguvu unaruka. Uliruka, ukaanguka kwenye saruji. Haukupasuka, jambo lililomfurahisha mama kuliko maelezo yangu yote.

Pendekezo la nne lilikuwa langu: seti ya fenoli ya milimita 51 yenye mweupe wa 47.6. Muuzaji wa Dar es Salaam aliitaja kwa bei iliyo karibu mara nne ya ile ya Kariakoo. Zinapatikana za namba na zile za mchezo wa kimataifa wa blackball, ambazo ni saba nyekundu, saba za manjano na mweusi mmoja. Tulichagua za namba, maana wateja wa pale wamekulia kwenye kuhesabu namba na mistari. Kuwaletea nyekundu na manjano kungekuwa kuwafundisha mchezo mpya bila wao kuomba. Nilimtaka muuzaji apige picha ya kila mpira juu ya mizani kabla ya kutuma. Boksi lenye chapa yoyote laweza kuchapishwa popote, ila mizani haidanganyiki kirahisi. Alisitasita, akatuma. Mwepesi na mzito walipishana gramu mbili na nusu.

Mweupe mdogo una tabia yake, na niliwaambia wachezaji mapema wasije wakadhani nimewaletea mpira mbovu. Una gramu 96 hivi dhidi ya 117 za mingine, kwa hiyo ukigonga sawasawa hausimami kama inavyokuwa kwa mipira iliyo sawa; unarudi nyuma kwa kama sehemu ya kumi ya kasi uliyokuja nayo. Lakini unarudi kwa kiasi kile kile kwa kila mpira, na mtu akishaijua tabia isiyobadilika anaizoea.

Fedha hazikutosha seti mbili. Seti mpya ikaenda meza ya kwanza, yenye wachezaji wengi. Kwa meza ya pili tulimwaga mezani mipira ya rangi ya seti zote mbili za zamani, tukachukua kila namba iliyo bora kati ya mbili, tukitafuta zinazokaribiana kwa uzito badala ya zinazong'aa. Yona aliachwa nje. Tukapata kumi na mitano iliyopishana gramu tano, na mweupe wa meza ya pili ulikuwa bado wa asili. Si seti ya mashindano, ila ni nzuri kuliko kila moja ilivyokuwa peke yake. Mwenye baa ambaye hana hata senti ya kununua mipira mipya mwaka huu anaweza kufanya hili kesho asubuhi kwa kuazima mizani.

Uoshaji ulihitaji maneno makali kidogo, kwa kuwa mhudumu alikuwa akiisugua mipira kwa steeli wuli na sabuni ya unga ya kusugulia masinki. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, kitambaa laini, kukausha vizuri. Petroli na thina visiguse.

Lililochukua muda mrefu kuliko mipira ni swali la nani alipe. Tajiri alisema wachezaji ni wa mama, soda na bia wanazokunywa ni za mama, basi mama anunue. Mama alisema meza ni ya tajiri na mipira ni sehemu ya meza kama miguu yake. Kwa maoni yangu mama alikuwa sahihi, lakini tajiri naye alikuwa na hoja: anaweka seti ghali mahali ambapo hayupo, na mweupe umeshaibwa mara moja. Walikubaliana hivi: tajiri ananunua seti, mama anawajibika kwa mweupe. Baa ikifungwa mweupe unalala kaunta, na anayeuchukua mchana anaacha kitu cha rehani. Ukipotea, mama ananunua mwingine, na kipimo chake, 47.6, kimeandikwa kwa wino ukutani nyuma ya kaunta ili anayetumwa asiulizwe rangi tena.

Seti ya Muscat imerudi chumbani. Mama anasema siku moja atapata meza yake mwenyewe inayoifaa, asigawane na mtu, na tajiri akisikia hivyo ananyamaza. Gilasi zimeondoka mashimoni. Wiki mbili baada ya mipira mipya kufika, tajiri alifungua kasha, akahesabu, akahesabu tena. Hakusema kwamba alimshuku mama bure. Alitoa daftari, akajumlisha alichokuwa amekata kwenye mgao wake, na akakilipa chote kwa sarafu zile zile, mama akizihesabu moja moja.